Je, wajua kwa nini uzi hufa kabla ya shanga?

Mkufu wa shanga uliolala kabatini miaka mingi kwa sababu umekatika au umekakamaa, mara nyingi hauna ugonjwa wowote ila uzi. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimbua magofu ya Kilwa Kisiwani katika miaka ya 1960, alipata shanga za kioo zilizofika pwani kwa biashara ya Bahari ya Hindi karne nyingi kabla yake. Kioo kinaweza kukaa ardhini muda wote huo. Uzi wa pamba huozeshwa na jasho, nailoni hukauka na kuvunjika kwa jua, lastiki huchoka hata isipovaliwa, na waya hukatika pale unapokunjwa mara kwa mara.

Lakini adui mkubwa wa uzi ni ushanga wenyewe. Shanga ndogo za kioo hutengenezwa kwa kuvuta kioo cha moto kiwe mrija mwembamba. Mrija hukatwa vipande vidogo, kisha vipande hivyo huzungushwa kwenye joto ili kingo zilainike. Shanga nyingi wanazotunga akina mama wa Kimasai hutoka Jamhuri ya Cheki, ambako mji wa Jablonec nad Nisou una historia ndefu ya kazi hii. Kingo zisipolainishwa vizuri, au ushanga ukimeguka, kila anapotikisika mvaaji uzi unakerezwa kidogo. Shanga ndefu za mrija ndizo mbaya zaidi. Zikianza kukata uzi, weka ushanga mdogo wa mviringo kila upande ili uzi upinde juu yake, usipinde juu ya ukingo mkali.

Kabla ya kufungua chochote, jua ulicho nacho. Kioo ni kizito na hukisikia baridi kikigusa mdomo. Plastiki ni nyepesi na haina ubaridi huo. Kioo cha kawaida huoshwa kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya maji. Mbao, mbegu, mfupa na ngozi visilowekwe: futa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, basi. Lulu na marjani visiguswe na siki wala ndimu, maana asidi hula ngozi yake ya juu. Shanga zinazong'aa kwa rangi ya fedha iliyo ndani ya tundu zikishaingia weusi hazirudi, hata uzisugue vipi. Na zile zilizopakwa rangi tu, jaribu ushanga mmoja kwanza kwa pamba iliyolowa. Pamba ikitoka na rangi, usizioshe.

Kama ni kidani cha bibi au cha harusi, chenye mpangilio wa rangi uliokusudiwa, tunakusihi usikivunje ili kupata shanga za hereni. Badilisha uzi, uache mpangilio ulivyo. Piga picha pande zote mbili, tandaza taulo ili shanga zisikimbie, bandika selotepu juu ya safu nzima, ndipo ukate uzi. Shanga zitabaki zimepangwa kwenye selotepu, nawe utazihamisha moja moja kwenye uzi mpya. Kila iliyomeguka itupe bila huruma; ukiirudisha, itakata uzi mpya kama ilivyokata wa zamani.

Kwa shanga za namba 11/0, zenye kipenyo cha milimita 2 hivi, tumia sindano ya shanga namba 12 na uzi wa nailoni mwembamba uliopakwa nta ya nyuki, upite mara mbili. Sentimita moja huingia shanga 7. Mkufu wa sentimita 45 kwa hiyo una shanga kama 315, uzito wake gramu 3 tu. Bangili ya safu moja ya sentimita 17 hula shanga 120. Mkufu usiotakiwa tena hutoa bangili mbili na masalio ya hereni. Usikaze mno: acha nafasi ya milimita 2 au 3 kabla ya kufunga. Mkufu uliokazwa haupindi vizuri, na shanga zake husagana. Ukilegea sana nao, uzi unabaki wazi na kuchakaa.

Lastiki ivutwe mara kadhaa kabla ya kutunga, la sivyo bangili italegea baada ya wiki. Fundo likizungushwa mara mbili badala ya moja halifunguki ovyo. Epuka supa gluu hapo: ikikauka huifanya lastiki iwe ngumu, nayo hukatika kando ya fundo.

Ukosi bapa wa Kimasai una hesabu yake. Safu za waya hushikwa na vipande vya ngozi au plastiki ngumu vyenye matundu, na ngozi ikilowa kisha ikakauka husinyaa na kuvuta safu zote. Unapotunga upya kwa shanga za 10/0, kila duara la nje linahitaji shanga kama 9 zaidi ya lililo ndani yake, mduara uwe mdogo au mkubwa, kwa sababu upana wa ushanga mmoja, milimita 2.3, huongeza mzingo kwa milimita 14 hivi. Zikipungua, ukosi hujikunja kama bakuli. Zikizidi, hufanya mawimbi. Ushanga mmoja uliozidi katikati ya safu si lazima ufungue yote: ingiza ncha ya sindano nene ndani ya tundu lake, vaa miwani, kisha uubane kwa koleo. Sindano huulinda waya au uzi, na kioo hupasukia nje.