Nani Kawaambia Maji Mafupi Ni Salama?

Ujumbe umeingia tena jana usiku, mtu mwingine, maneno yaleyale: "Mwalimu, Jumamosi tunakuja Coco na watoto wa dada kujifunza kuteleza mawimbi kwa ubao. Tuambie maji yanapwa saa ngapi ili tuje yakiwa mafupi, maana kuogelea hatujakujua vizuri." Nimemjibu kwa upole. Upole umeishia hukohuko, hapa nitasema.

Coco Beach, ufukwe wetu wa hapa Dar es Salaam, siyo ufukwe wa mchanga wenye mawe mawili matatu. Ni mwamba uliofunikwa mchanga kidogo. Yale majabali unayokalia ukila mihogo ni matumbawe yaliyokufa maelfu mengi ya miaka iliyopita, aina ileile ya jiwe lililojengea Kilwa na Mji Mkongwe, na hayaishii pale maji yanapoanzia. Yanaendelea chini, yana mashimo, kingo na meno. Fundi hulipenda jiwe hilo kwa sababu linashika chokaa vizuri. Linashika na ngozi pia.

Mtu anayetaka maji mafupi ana picha ya bwawa la hoteli kichwani. Kule upande mfupi ni salama kwa sababu chini ni vigae, na adui ni maji yenyewe. Kwenye mwamba mambo yamegeuka: adui yuko chini, na maji ndiyo godoro lililotandikwa kati yako naye. Ukiniomba maji mafupi unaniomba nikupunguzie godoro, halafu nikurushe.

Na utarushwa. Wimbi huvunjika kwa sababu limefika mahali ambapo kina hakilitoshi tena: kwa makadirio ya haraka, kina cha mara 1.3 ya urefu wake. Wimbi la mita 1, ambalo ukiwa umelala juu ya ubao unaliona kubwa kuliko nyumba yenu, huvunjikia kwenye maji ya mita 1.3 hivi. Hayo ni maji ya kifuani. Tena kabla halijaanguka huyavuta maji ya mbele yake, kwa hiyo sehemu utakayoangukia ina kina pungufu ya hapo. Mtu mzima akitangulia kichwa kwenye maji ya namna hiyo, hesabu iliyobaki fanya mwenyewe.

"Lakini mwalimu, angalau nitaweza kusimama."

Hapo ndipo ninapochoka kabisa. Kusimama ndiko kunakoumiza watu Coco, kuliko kuzama, kuliko ubao kukupiga usoni, kuliko wale wadudu weusi wa miiba mirefu ambao kila mtu anawaulizia. Mtu ameanguka, amelowa, ameogopa, jambo la kwanza anatafuta chini kwa miguu. Mguu unaingia kwenye shimo la mwamba. Mawimbi yetu huzaliwa na upepo wa karibu, yanafuatana upesi, hayakupi nafasi ya kukaa ukawaza. Linalofuata linakusukuma kiwiliwili kuelekea ufukweni, mguu umebaki shimoni. Kifundo kikipona, nyayo haiponi. Na huyo ndiye aliyekuja maji yakiwa mafupi ili asiumie.

Kwa hiyo somo langu la kwanza, kabla ya kushika ubao, ni kuanguka. Anguka bapa, mgongo au tumbo, usiende kwa kichwa wala kwa miguu. Mikono ifunike kichwa na shingo. Kaa juujuu, acha povu likupitie, tafuta ubao wako, lala juu yake. Miguu usiishushe, hata ukihisi kwamba maji ni ya magotini. Hasa ukihisi ni ya magotini. Utashuka ukishauona mchanga kwa macho. Wanafunzi wangu hunicheka kwa sababu nawafanyisha zoezi hili nchi kavu, mbele ya watu wanaokunywa madafu. Wacheke tu.

Sasa tuje kwenye maji yenyewe, kwa sababu hapa ndipo "salama" na "siyo salama" zinapoachana kwa saa moja au mbili tu, na watu wanataka niwape jibu la neno moja.

Bahari yetu inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana. Hilo mnalijua. Wengi wa mjini wasilolijua ni kwamba bamvua, yaani yale maji yanayojaa sana na kupwa sana, hapa Dar lina saa zake. Siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, au siku moja mbili baada yake, maji hupwa kwenye saa nne na kujaa kwenye saa kumi, mchana na usiku. Maji mafu, yale ya mwezi nusu yasiyojaa sana wala kupwa sana, ni kinyume: hujaa kwenye saa nne na kupwa kwenye saa kumi. Sihitaji simu kulijua hilo. Natazama mwezi ninapotoka nje usiku.

Bamvua likiwa kubwa, tofauti kati ya kupwa na kujaa inapita mita 3. Na maji hayapandi sawasawa. Gawanya safari nzima mafungu 12: saa ya kwanza yanapanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Kama tofauti ni mita 3.2, katika saa ya tatu peke yake yanapanda sentimita 80, na saa ya nne vilevile. Ufukwe uliouacha ukienda kununua maji ya kunywa siyo utakaoukuta ukirudi. Yakipwa ni hivyohivyo, ila sasa unaokutokea chini yako ni mwamba.

Kwa sababu hiyo napenda maji yanayojaa. Siyo yaliyojaa, yanayojaa. Maji yakiwa yanapanda, kila kosa lako linasamehewa kidogo zaidi kila dakika, na njia ya kutokea inazidi kuwa nzuri. Yakiwa yanapwa, umeingia pazuri, umenogewa, ukitaka kutoka unakuta kati yako na mchanga kuna ukumbi wa meno.

Msinielewe vibaya kwamba maji mengi ndiyo dawa. Bamvua likijaa kabisa, mchanga wote umemezwa na mawimbi yanapiga majabali moja kwa moja. Lililopiga linarudi, linakutana na linalokuja, na hapo katikati maji yanaruka ovyo, hakuna wimbi la kupanda wala pa kutokea. Saa kumi jioni ya bamvua, wakati ambapo mji mzima uko Coco na kila mtu ana simu mkononi, ndiyo saa ambayo mimi siweki mwanafunzi majini hata akinilipa mara mbili.

Basi ukiwa mwanafunzi, wiki yako ni ya maji mafu. Watu wanayadharau, eti bahari imelala. Yenyewe ndiyo mazuri: hayapwi sana, kwa hiyo mwamba hauchomozi, na hayajai sana, kwa hiyo majabali hayarudishi mawimbi. Na angalia zile saa: maji mafu yanajaa kwenye saa nne asubuhi. Ukiingia saa moja, una maji yanayopanda taratibu na upepo bado haujaamka sawasawa. Kila ninapoeleza hivi mtu ananiuliza kama haiwezekani saa kumi na moja jioni, kwa sababu asubuhi kuna foleni.

Kuna jambo moja hapa siwezi kuliapia. Wateleza mawimbi wengi, wa hapa na wa kwingine, husema maji yanayojaa "husukuma" mawimbi. Naona hivyohivyo kwa macho yangu. Maelezo ninayoyakubali ni kwamba kina kikiongezeka, mwamba wa nje unaacha kuyavunja mawimbi mapema, kwa hiyo yanatufikia yakiwa na nguvu. Lakini kama hiyo ndiyo sababu yote, maji yanayopwa yakifika kina kilekile yangetoa mawimbi yaleyale, na mimi naona hayatoi. Au nadhani naona. Mimi huingia zaidi maji yanapojaa asubuhi, upepo ukiwa mdogo, kwa hiyo huenda navisifu vitu viwili kwa jina la kimoja.

Upepo nitaupitia haraka. Kusi na kaskazi ndivyo vinavyotupa mawimbi, kwa kuwa ufukwe umetazama mashariki na vyote viwili vinaufikia kwa mshazari. Maleleji, kile kipindi cha kati ya pepo hizo mbili, hayana kitu. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, ninapata simu za watu wenye furaha. Jamani, lile ni angalizo, siyo mwaliko. Mawimbi ya siku hiyo yanakuja yamevurugika, mafupi mafupi, moja juu ya mgongo wa lingine. Mazuri ni ya siku mbili baadaye, upepo ukishatulia asubuhi, na hayo hakuna anayeyatangaza.

Mvua kubwa ikinyesha, mitaro ya mji inamwaga baharini. Subiri siku kadhaa. Sitaeleza kwa nini.

Kosa jingine linalofanana na lile la maji mafupi, na mimi naliona ni baya zaidi: "Mwalimu, mbona tunaingilia kwenye mawimbi, na pale pembeni pametulia?" Pale pembeni ni kilango. Maji yote yanayorushwa juu ya mwamba na mawimbi lazima yarudi, na hurudi kupitia pengo lenye kina zaidi. Kwa kuwa kina ni kikubwa, mawimbi hayavunjiki pale, na uso wa maji unaonekana laini, wenye rangi nzito kidogo. Familia zinapeleka watoto hapohapo. Mimi na ubao wangu napapenda, panatoa nje bure bila kuchosha mikono. Mtoto mwenye boya la kuchezea panamtoa nje vilevile. Mkondo hauvuti mtu chini, huo ni uvumi; unavuta kwenda nje, na anayezama ni yule aliyepigana nao uso kwa uso mpaka nguvu zikamwisha. Elea, inua mkono, kata pembeni kuelekea mahali mawimbi yanapovunjika, ila kwetu "mahali yanapovunjika" ni juu ya mwamba, kwa hiyo hata ushauri huu una meno. Ndiyo maana nasema ulijue pengo kabla ya kuingia.

Utalijuaje? Hapa sasa ndipo maji yakipwa yana kazi. Bamvua likipwa saa nne asubuhi, njoo. Bila ubao, na viatu vya kufunga. Utawakuta wanaochokoa pweza wameshafika mbali, wafuate, waamkie, wasikilize. Tembea juu ya mwamba wote unaotaka kuteleza juu yake: tazama kilango kimekaa wapi, shimo liko wapi, jiwe gani limejitenga. Chukua alama mbili za nchi kavu, mti na pembe ya jengo, ili ukiwa majini ujue uko juu ya nini. Rudia kila majira yakibadilika, kwa sababu kusi husogeza mchanga kuelekea kaskazini na kaskazi huurudisha, na jiwe lililofunikwa Januari unaweza kulikuta wazi Julai.

Kuna waliotazama Olimpiki ya 2024 wakanitumia video za Teahupo'o kule Tahiti: mbona wale wanateleza juu ya matumbawe, maji yako magotini? Ndugu zangu, wale ni watu bora kabisa duniani katika kazi hiyo, na pembeni kuna waokoaji juu ya pikipiki za majini. Wewe pembeni yako kuna mimi, na kijana wa mishikaki.

Ukikwaruzwa, osha kwa maji safi na sabuni, sugua mpaka chembe zitoke zote, hata kama inauma. Kidonda cha mwamba kikiachwa na uchafu huchukua muda mrefu. Ndimu weka kwenye mihogo.

Limebaki la kamba ya mguuni, ile inayomfunga mtu na ubao wake, ambalo nimeulizwa sana na jibu langu halijatulia. Wote hufundisha kwamba kamba haivuliwi, na kwenye ufukwe wa watu wengi nakubali: ubao uliokatika kamba ukienda na povu kwenye waogeleaji ni silaha. Lakini kwenye mwamba kamba hunasa. Ukiangukia upande wa ndani, ubao ukapita upande wa pili wa jiwe, umefungwa hapo na mawimbi yanakuja. Kwa mwanafunzi natumia kamba fupi, yenye mkanda wa kifundo unaofunguka kwa mvuto mmoja, na namfanyisha kuufungua amefumba macho kabla hatujalowa. Kuna wenzangu ninaowaheshimu wanaomfunga juu ya goti ili mkono uufikie upesi. Mimi naona goti likivutwa vibaya ni baya kuliko kifundo. Tumebishana sana juu ya hilo, na bado kila mmoja anafunga kwake.