Chati ya nini? Kuhusu Fab 40 na zile redio za kwenye meli

Nimeisikia tena wiki iliyopita na safari hii nimeshindwa kunyamaza. Mtu anasimulia muziki wa Uingereza wa miaka ya 60, na anaujua kwelikweli, anafika kwenye wimbo mmoja anasema "huu ulikuwa namba moja Uingereza". Ukimuuliza namba moja kwa nani, anakwambia kwenye Fab 40, chati ya Radio London, ile redio ya maharamia iliyokuwa ikirusha matangazo kutoka kwenye meli. Sasa hapo ndo tunapopotezana.

Chati ni orodha ya nyimbo zilizopangwa kwa namba, ya wiki fulani. Basi, maana ndo hiyo. Kazi iko kwenye swali linalofuata ambalo watu hawaulizi: chati ya nini? Ya santuri zilizouzwa, ya nyimbo zilizopigwa redioni, au ya nyimbo ambazo mtu mmoja ofisini kaamua zipigwe wiki ijayo?

Neno lenyewe halikusaidii kujua, na nalipenda hili neno kwahiyo mnivumilie kidogo. Wagiriki walikuwa wanasema khartes, karatasi ya mafunjo, yale mafunjo ya Misri. Waarabu wakalipata likawa qirtas, sisi tukachukua kwao tukapata karatasi. Walatini nao wakalifanya charta, Wareno wakapata carta, wakaja nalo pwani yetu tukapata karata, hizi hizi tunazocheza barazani. Waingereza wakapitia kwa Wafaransa wakatoa card na chart, nasi tukachukua zote mbili, kadi na chati. Yaani karatasi, karata, kadi na chati ni ndugu wa tumbo moja waliofika kwetu kwa njia tofauti (cheti msimtie humo, huyo katoka kwa Wahindi). Na kwa Waingereza chart ilianza kama ramani ya mabaharia, ikaja kuwa jedwali, ndo baadaye ikafika kwenye nyimbo. Kwahiyo kwenye neno zima hamna pahali palipoandikwa mauzo, limebeba karatasi tu. Mauzo tumeyaweka sisi kichwani kwa mazoea.

Na mazoea hayo yana chanzo. Uingereza orodha ya kwanza ya mauzo ilitoka kwenye gazeti la muziki la NME tarehe 14 Novemba 1952, bwana mmoja anaitwa Percy Dickins alipiga simu kwenye maduka kama 20 ya santuri akauliza wiki hii mmeuza nini sana, akajumlisha, namba moja akawa mwimbaji Al Martino. Angalia mpangilio wa kazi hapo, kwanza watu wametoa hela dukani, halafu mtu akahesabu, halafu ikachapishwa. Yaani orodha inatazama nyuma.

Haya, twende baharini. Radio Caroline ilianza kurusha matangazo Pasaka ya 1964, na Radio London ikafuata tarehe 23 Desemba mwaka huohuo, ikiwa kwenye meli ya Galaxy iliyotia nanga mbele ya Frinton, pwani ya Essex, nje kidogo ya zile maili 3 ambazo ndo zilikuwa mpaka wa bahari ya Uingereza. Galaxy zamani ilikuwa meli ya jeshi la majini la Marekani, ya kuondoa mabomu yaliyotegwa baharini. Sheria ya nchi ilikuwa haiwafikii kule, na ndo maana hata neno haramia silipendi sana hapa, lina haramu ndani yake, wakati Bunge la Uingereza lenyewe halikuifanya kazi yao kuwa kosa mpaka sheria ya Agosti 1967.

Nchi kavu BBC walikuwa wamebanwa, saa za kupiga santuri kwa siku zilikuwa chache kwa makubaliano na makampuni ya rekodi na chama cha wanamuziki, sehemu kubwa ikawa ni bendi zinapiga studio. Vijana wanataka santuri yenyewe, na meli inawapigia kuanzia asubuhi. Lakini ukipiga muziki kutwa nzima lazima uwe na mpango, na Radio London ilitokana na wazo la Mmarekani wa Texas, Don Pierson, kwahiyo walichukua mpango wa redio za kwao, unaoitwa Top 40: nyimbo chache, unazirudiarudia, zile za juu zinapigwa mara nyingi zaidi. Ukishaelewa hili umemaliza. Kule Top 40 ilikuwa ni namna ya kuendesha redio, yaani mwongozo wa dijei, kwamba saa hii utapiga kutoka humu.

Ya Radio London ikaitwa Fab 40. Fab ni kifupi cha neno la kusema kitu ni kizuri ajabu. Kwa Kiswahili ni kama vile redio zetu zinavyosema "kumi bora", na bora si lazima iwe iliyouzwa sana, bora ni ile ambayo mtu kaipenda. Jina lilikuwa linasema ukweli wake wazi, arobaini tamu za Radio London. Aliyekuwa anapanga ni mkuu wa vipindi, baadaye akawa Alan Keen, kwenye ofisi yao mtaa wa Curzon, London, na santuri mpya zinapakiwa kwenye boti ya mahitaji pamoja na chakula na barua mpaka melini, madijei wanazikuta na orodha, Jumapili inasomwa hewani. Hapo hakuna duka lililopigiwa simu kwanza. Orodha inatazama mbele, inasema hizi ndo tutawapigia. Kulikuwa hadi na kundi la "climbers", wapandaji, nyimbo ambazo hazijapanda popote bado ila wao wanaona zitapanda. Dijei wao John Peel alipopewa zamu ya usiku wa manane 1967 aliiweka orodha pembeni akapiga anachotaka, na kipindi kikapendwa sana.

Kinachowachanganya watu ni kwamba mara nyingi meli ilipatia. Wimbo unapigwa Galaxy wiki hizi, wiki zijazo unauzwa nchi nzima. A Whiter Shade of Pale ya Procol Harum ilipigwa sana Radio London masika ya 1967, Juni ikawa namba moja kwenye mauzo. Mtu anaziona orodha mbili zinafanana anadhani ni kitu kimoja, kumbe moja imesaidia kuizaa nyingine.

Na wakati mwingine haikuzaa. Mwaka 1966 Philip Solomon, mwenye lebo ya Major Minor, yaani kampuni ya rekodi, aliingia kwenye uongozi wa Caroline, na santuri za lebo yake zikapigwa kupita kiasi. Moja ilishika, Seven Drunken Nights ya The Dubliners ilifika namba 7 kwenye mauzo ya Uingereza 1967. Lakini mwaka huohuo Days of Pearly Spencer ya David McWilliams, lebo ileile, ikapigwa Caroline mchana na usiku, na kwenye chati ya mauzo ya Uingereza haikuingia kabisa. Nafasi ya redioni inaweza kununuliwa, watu wasinunue santuri.

Najua kuna atakayesema hata za mauzo hazikuwa safi. Ni kweli, kulikuwa na kadhaa, kila gazeti na yake, Please Please Me ya Beatles mwanzoni mwa 1963 ilikuwa namba moja NME na Melody Maker ila namba 2 Record Retailer, na mpaka Februari 1969 ndo ikapatikana moja ya kuhesabiwa rasmi. Lakini zile zilikosana kwenye kuhesabu. Fab 40 kazi yake haikuwa kuhesabu.

Kwahiyo ndugu yangu wa wiki iliyopita, wimbo umeupatia, mwaka umeupatia, na Radio London kweli iliuweka juu. Badilisha neno moja tu, pale uliposema Uingereza sema Radio London, "ulikuwa namba moja ya Radio London", na hadithi yako inabaki nzuri vilevile.