Kupimwa joto getini hakumaanishi darasa liko salama

Shule za Kenya zilifungwa Machi 2020, halafu Oktoba zikaanza kufunguliwa kwa gredi ya 4, darasa la 8 na fomu 4, na wazazi tulibishana sana, hoja moja ikirudi kila mara: mtoto akipimwa joto getini na asipatikane na homa basi hana korona, darasa liko sawa. Wengi bado wanaamini hivyo na inaeleweka, maana kipimajoto unakiona kwa macho na namba inatoka hapo hapo.

Lakini kile kifaa kinapima joto la ngozi tu, hakipimi kirusi. Mtu anaweza kuambukiza wengine siku moja au mbili kabla hajajisikia mgonjwa, tena watoto wengi walioambukizwa hawakupata homa kabisa, kwa hiyo unapita getini vizuri tu unaenda kubanana watatu dawati moja madirisha yamefungwa, na shida yenyewe iko hapo kwa sababu korona husambaa sana kwa hewa ya ndani.

Jaribu mwenyewe. Jipime ukitoka kwenye jua kali, kaa kivulini dakika 15, jipime tena, utaona namba imebadilika na wewe ni yule yule. Alafu ukienda shuleni kwa mtoto angalia kama madirisha ya pande zote mbili yanafunguka kweli ama yalipigiliwa misumari zamani, mimi hilo ndilo ningemuuliza mwalimu mkuu kwanza, kabla hata ya habari ya kipimajoto.