Dunia Itabaki, Kisima Je? Dhana Potofu Kuhusu Sayari Yetu na Ukweli Wake

Maneno tunayoyajibu hapa chini yanasikika kila siku Dar es Salaam, kwenye daladala, vijiweni, hata ofisini. Mengi yana chembe ya ukweli ndani yake, na ndiyo maana hayafi. Tumechagua yale ambayo mtu akiyaamini atachimba, atajenga au atapanda pasipofaa.

"Dunia inakufa, tuiokoe"

Dunia haifi. Ina umri wa miaka bilioni 4.5 hivi na imepitia makubwa kuliko haya. Miaka milioni 252 iliyopita sehemu kubwa mno ya viumbe wa baharini ilitoweka. Miaka milioni 66 iliyopita kimondo chenye upana wa kilomita 10 hivi kiliangukia Chicxulub, nchini Mexico, na dinosaria wakaisha, isipokuwa ndege, ambao ni uzao wao. Sayari ikaendelea kuzunguka jua, ila wenyeji wake wakawa wengine.

Binadamu wa aina yetu tuna miaka 300,000 hivi. Kilimo na miji vimezaliwa ndani ya miaka 12,000 ya mwisho, kipindi ambacho hali ya hewa ilitulia kuliko ilivyo kawaida yake. Utulivu huo ndio unaotikisika sasa.

Wapo wanaojipa moyo kwamba tutahamia sayari ya Mirihi. Huko wastani wa baridi ni nyuzi 60 hivi chini ya sifuri, na mgandamizo wa hewa haufiki asilimia 1 ya ule wa hapa. Kileleni Kibo, mita 5,895, hewa ni nusu tu ya ile ya pwani na wapandaji hupumua kwa shida. Bado ni neema kubwa ukilinganisha na Mirihi.

"Maji ya ardhini hayaishi, na nimechimba kwangu"

Msomaji wa Kigamboni, Msasani au Mbezi Beach, hapa tunakuomba usome taratibu. Karibu na bahari, maji baridi ya ardhini, yaani yasiyo na chumvi, hayakai kama ndani ya tangi. Yanaelea juu ya maji ya chumvi yaliyopenya kutoka baharini, kwa sababu ni mepesi kidogo. Uwiano wake unajulikana tangu mwishoni mwa karne ya 19: kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari huizuia chumvi hadi mita 40 hivi chini ya usawa huo. Sasa igeuze hesabu. Pampu za mtaa mzima zikishusha maji kwa nusu mita tu, chumvi inapata nafasi ya kupanda mita 20.

Makosa yanayorudiwa ni haya. Kisima kikianza kuonja chumvi, mwenyewe anaita mafundi wachimbe zaidi, kumbe chini ndiko chumvi iliko. Mwingine anafunga pampu kubwa ili ajaze matangi kwa saa moja; mvuto ule huinua chumvi kama kichuguu moja kwa moja chini ya bomba. Pampu ndogo inayofanya kazi saa nyingi, iliyoning'inizwa juu kadiri maji yanavyoruhusu, huvuta kiasi kilekile kwa madhara madogo. Na choo kikae mbali: mita 30 kutoka kisimani ndiyo kadirio linalotumika sana.

Dalili huanza polepole. Chai inabadilika ladha, bomba la chuma linapata kutu upesi, mchicha unaungua kingo za majani. Usisubiri hayo. Pima kwa kipima chumvi mwishoni mwa kiangazi na tena baada ya masika, uandike. Maji yenye zaidi ya miligramu 1,000 za chumvichumvi kwa lita huanza kukataliwa na ulimi. Chumvi ikishaingia, kisima huhitaji miaka ya mvua kusafika, tena ikiwa majirani nao wamepunguza kuvuta.

Wakati huohuo mvua inapita juu ya bati na kuishia mtaroni. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Dar es Salaam hupata milimita 1,100 hivi kwa mwaka. Paa la mita za mraba 60, ukitoa moja ya tano inayopotea, hukusanya lita 52,000 na ushei. Watu watano wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, hayo ni maji ya zaidi ya mwaka. Kikwazo ni pa kuyaweka: tangi la lita 1,000 hujaa kwa mvua ya milimita 20 hivi tu, na kuvuka Juni hadi Septemba kwa matumizi hayo kunahitaji lita 12,000 hivi. Milimita ya kwanza, yaani lita 60 kwa paa hilo, imwagwe, kwa kuwa hubeba vumbi na kinyesi cha ndege. Yanayofurika yapelekwe kwenye shimo lililojazwa kokoto ili yarudi ardhini. Ua uliofunikwa wote kwa zege huyanyima maji njia hiyo, kisha mwenye ua analalamika kisima kimepungua.

"Bahari inapanda, ndiyo maana inakula pwani"

Inapanda kweli. Tangu 1900 imepanda sentimita 20 hivi, na siku hizi ni milimita 4 hivi kwa mwaka, kwa sababu maji hutanuka yakipata joto na barafu ya nchi kavu, kama ya Greenland, inayeyuka. Lakini milimita 4 peke yake haiwezi kueleza ufukwe wa Kunduchi uliomegeka kwa makumi ya mita.

Ufukwe hulishwa. Mito ya Tegeta, Mbezi na Mlalakuwa huteremsha mchanga, mawimbi huusambaza. Lori la mchanga linalojazwa mtoni limebeba ufukwe wa kesho. Kisha mwenye nyumba anajenga ukuta: wimbi hugonga, hurudi kwa nguvu na kuchimba mguu wa ukuta wenyewe, na jirani wa upande mchanga unakoelekea hukosa sehemu yake.

Mikoko hupunguza nguvu ya mawimbi na kushika tope, ila kampeni nyingi hupanda chini mno, kwenye tope tupu, kwa kuwa huko hakuna mgogoro wa ardhi. Mikoko huota kati ya usawa wa wastani wa bahari na kikomo cha maji ya bamvua, yaani yanayojaa kupita kawaida. Ikipandwa chini ya hapo, mizizi hukosa hewa na miche hufa. Fuata mpangilio wa aina zake: mlilana hutangulia upande wa bahari, mkoko wenyewe hufuata, mkandaa hukaa juu zaidi. Mbegu ndefu ya mkoko huchomekwa theluthi yake topeni, ncha kali chini, kwa nafasi ya mita 1 hadi 1.5. Kabla ya yote, angalia kama kuna miche iliyoota yenyewe. Kama hakuna hata mmoja, kuna sababu, na sababu hiyo itaiua na yako pia.

"Tundu la ozoni ndilo linaleta joto"

Ni mambo mawili tofauti. Ozoni, tabaka la gesi lililo juu sana angani, huzuia miale ya jua inayounguza ngozi. Iliharibiwa na gesi za majokofu na makopo ya kupulizia. Mkataba wa Montreal wa 1987 ulizipiga marufuku hatua kwa hatua, na tabaka hilo linapona. Joto linatokana hasa na hewa ukaa, iliyotoka sehemu 280 kwa kila milioni kabla ya viwanda hadi zaidi ya 420 leo.

"Vimbunga ni vya Msumbiji"

Karibu kabisa na ikweta vimbunga haviundiki kwa urahisi, kwa kuwa mzunguko wa dunia haupindishi upepo vya kutosha. "Karibu" hiyo haitufuniki sote. Zanzibar ilipigwa Aprili 1872, mikarafuu ikaangushwa. Lindi ikapigwa Aprili 1952. Na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Upepo huanza kung'oa bati pembeni na kwenye kipaa cha juu, hivyo misumari iongezwe hapo, na kenchi zifungwe kwenye ukuta kwa vyuma, zisikae kwa uzito wake tu.

"Afrika hatujachafua, kwa hiyo hayatuhusu"

Nusu ya kwanza ni kweli: bara zima hutoa chini ya asilimia 5 ya hewa ukaa ya dunia kwa mwaka, na kudai haki kwa hilo ni sahihi kabisa. Nusu ya pili ndiyo inayoua. Joto halimuulizi mtu alichafua kiasi gani, na la Dar es Salaam huja na unyevu. Mwili hupoa jasho linapokauka. Hewa ikiwa imeshiba maji, jasho hutiririka tu bila kupoza. Funga pamba iliyolowa maji kwenye kitako cha kipimajoto, upepee: namba unayosoma ndiyo joto ambalo jasho lako linaweza kukushushia. Ikifika nyuzi 35, hata kijana mwenye afya aliyeketi kivulini hawezi kustahimili kwa saa nyingi, na kwa kuli wa Kariakoo hatari huanza chini sana ya hapo.

Mizigo mizito ibebwe kabla ya saa nne asubuhi. Anayefanya kazi juani anywe glasi moja ya maji kila dakika 20, asingoje kiu. Wengi huamini mtu hajafika pabaya maadamu bado anatoka jasho, si hivyo. Akianza kuchanganyikiwa, kuongea ovyo au kuyumba, ni hatari hata kama shati limelowa. Mpeleke kivulini, mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima, mpepee bila kuacha, na gari la hospitali litafutwe huku mkiendelea kumpoza.