Fildi ya mazingira Mtwara na Lindi: anza na kazi, ofisi itafuata

Kila ikifika Juni simu yangu huanza kuita. "Shikamoo Madam, nasoma sayansi ya mazingira mwaka wa pili, naomba unisaidie nafasi ya fildi, popote tu." Hilo neno "popote" huniuma. Mtoto wa watu amefaulu kemia na biolojia, amekaa darasani miaka miwili, halafu zile wiki nane alizopewa aionje kazi yenyewe anazitafutia popote, tena zikiwa zimebaki wiki tatu. Mimi ni mtaalamu wa ikolojia ya pwani, nimesimamia wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo hapa Mtwara kwa miaka kumi na miwili sasa, na leo nataka niandike kwa utulivu yale ambayo kwa simu huwa nayasema harakaharaka.

Wengi huanza na orodha ya ofisi. Wanaandika majina kumi, wanatoa nakala kumi za barua ileile, wanasambaza, wanasubiri. Mimi nakuomba uanze na swali: kuanzia Julai hadi Septemba, huku kusini, ni kazi gani ya sayansi inayofanyika ambayo haiwezi kungoja? Vyuo vyetu vingi hutoa wanafunzi fildi katika miezi hiyo, na ndiyo miezi ambayo shamba, maji na ufuko wa kusini vinahitaji watu wa kupima na kuhesabu. Ukishaijua kazi, utajua nani anaifanya, na barua yako itakuwa na la kusema.

Chukua mikorosho. Huku kwetu huchanua kuanzia Juni na kuendelea, na ubwiriunga, ule ukungu mweupe unaokausha maua, hushambulia wakati huohuo. Ndiyo maana ukipita vijijini mwezi wa nane utawakuta wakulima wamebeba mashine mgongoni wakipuliza salfa alfajiri, upepo umetulia na umande ungali juu ya majani. Mbu wa mikorosho naye anafyonza machipukizi mapya. Taasisi ya utafiti wa kilimo ya Naliendele, TARI Naliendele, ipo nje kidogo ya mji wa Mtwara, na korosho ndiyo kazi yake kubwa, pamoja na karanga, ufuta na mihogo. Majaribio ya shambani yanataka macho na mikono. Nimemwona mwanafunzi amesimama chini ya mti saa moja asubuhi, ameegesha fremu ya mraba ya mita moja kwenye matawi, anahesabu mashada ya maua yaliyomo, kisha anahesabu yaliyofunikwa na unga mweupe, anaandika, anazunguka upande wa pili wa mti na kuanza tena. Wiki ya kwanza mti mmoja ulimchukua dakika ishirini. Wiki ya tatu ulikuwa unamchukua saba, na hesabu zake zilikuwa zikilingana na za fundi wa maabara mwenye uzoefu wa miaka mingi. Kwa umri ule, hiyo ni hatua kubwa sana.

Na hapohapo kuna swali la mwanafunzi wa kemia au wa udongo, ambalo nasikitika kwamba wachache wanaliuliza. Salfa haiishii kwenye maua. Inashuka chini, na ikirudiwa msimu baada ya msimu huongeza tindikali ya udongo. Mwanafunzi mwenye kipima pH, jembe dogo na mifuko ya nailoni anaweza kuchukua sampuli chini ya mikorosho ya zamani, akachukua na nyingine kwenye ardhi ya jirani isiyowahi kupulizwa, akalinganisha. Hiyo ni ripoti ya fildi ambayo mkulima wa Tandahimba angependa kuisikia ikisomwa.

Ukiwa mtu wa maji, Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini ina makao yake hapahapa Mtwara. Kiangazi ndicho kipindi ambacho mito imepungua na kina cha maji visimani kinaonyesha ukweli wake, kwa hiyo upimaji unakuwa na maana. Uwanda wa Makonde ni darasa tosha: mvua inazama kwenye mchanga, mito ya juu hakuna, na maji ya Newala na Tandahimba yanasukumwa kwa pampu kutoka mabondeni. Huku pwani nako kuna visima ambavyo maji yake yanaingiwa na chumvi. Mwanafunzi anayejua kupima chumvi na kuchora ramani kwa QGIS, ambayo ni programu ya bure, anaweza kufanya kazi ya maana kabisa ndani ya wiki nane.

Nije kwenye bahari, ambako wengi wanakutamani bila kujua majira yake. Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilianzishwa mwaka 2000, ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 650, na ndani yake mna matumbawe, nyasi bahari, mikoko na vijiji vya wavuvi, Msimbati kikiwa kimojawapo. Mwanafunzi huniandikia, "Nataka kuzamia, nihesabu matumbawe." Mwanangu, Julai ni kusi. Upepo unavuma kwa nguvu, maji yanachafuka, na siku za kuzamia salama ni za kubahatisha. Panga kazi yako ufukweni, pale maji yanapokupwa. Bahari inakwenda kwa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na maji mafu, siku ambazo hujaa na kupwa kidogo tu. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kwenye pwani yetu kupwa kwa bamvua huangukia kama saa nne asubuhi, jua limetoka, kila kitu kinaonekana. Wiki nane zina bamvua nne. Kila moja inakupa siku nne au tano nzuri za kufanya kazi. Kwa hiyo una siku kati ya kumi na sita na ishirini, basi. Siku za maji mafu ni za kuingiza takwimu, kusoma, na kwenda kuzungumza na watu wa BMU, kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi na ufuko wao. Mwanafunzi akiniletea mpango wa kazi uliopangwa kwa bamvua, hata sijamaliza kuusoma nimeshaanza kumtafutia nafasi.

Namkumbuka binti mmoja aliyetoka bara, hajawahi kuikanyaga bahari. Siku ya kwanza kwenye mikoko ya Mikindani aliandika kwa kalamu ya wino, akateleza kwenye tope, karatasi ikalowa, asubuhi nzima ikapotea. (Andika kwa penseli. Ufukweni wino haufai.) Kila mti aliuandika "mkoko". Kulikuwa na bibi anaokota chaza, akamwangalia kwa muda, kisha akamwita. "Mjukuu wangu, huu wenye mizizi kama miguu ya buibui ndio mkoko. Huu unaochomoza vijiti ardhini ni mchu. Ule wa mbele kabisa, unaopigwa na mawimbi, mlilana. Mkandaa uko huku nyuma." Binti alirudi kwangu na majina manne na picha ya kila jani, na jioni ileile tukayafungua kwenye kitabu tukapata majina ya kisayansi. Ile safu ya mbele mlilana, nyuma mkandaa, ndiyo ilikuwa sura ya kwanza ya ripoti yake. Ukienda kijijini, salimia kwanza, uliza kwanza. Na usichukue sampuli yoyote ndani ya hifadhi bila kibali. Msimamizi wako ndiye atakayekuelekeza utaratibu.

Kwa watu wa misitu nitasema kwa ufupi, kwani si uwanja wangu. Kilwa Masoko lipo shirika la Mpingo Conservation & Development Initiative, linalovisaidia vijiji kumiliki na kuvuna misitu yao kwa mpango; mwaka 2009 misitu ya vijiji hivyo ilipata cheti cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unasimamiwa vizuri, cha kwanza Afrika kwa misitu ya asili iliyo mikononi mwa wanakijiji. Kupima miti kabla ya kuvuna ni kazi ya kujifunza mengi. Lindi kuna msitu wa Rondo, kwao komba mdogo wa Rondo. Liwale inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Na wanaopenda upande wa viwanda na gesi, kuna NEMC, baraza la taifa la mazingira, kanda ya kusini, mtambo wa kuchakata gesi wa Madimba na kiwanda cha saruji cha Dangote. Huko uliza mapema barua ipelekwe wapi, kituoni au makao makuu.

Sasa barua. Kwa mwanafunzi anayetaka Julai, barua iwe imefika Februari au Machi, ikiambatana na barua ya utambulisho ya chuo. Iandikwe kwa mkuu wa taasisi. Kama ni halmashauri, kwa Mkurugenzi Mtendaji. Ikifika inapokelewa masjala, inapigwa muhuri, inawekwa kwenye jalada, jalada linapanda kwa mkuu, linashuka na maelekezo kwa afisa utumishi, kisha kwa mkuu wa idara atakayekaa na wewe. Hiyo ni safari ya wiki kadhaa hata watu wote wakiwa wema. Peleka nakala mbili, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Baada ya wiki mbili au tatu nenda, au mtume ndugu yako aliyeko huku, na ile nakala mkononi, useme, "Barua hii ilipokelewa tarehe fulani." Hapo afisa wa masjala anajua pa kuangalia.

Na ndani ya barua, chini ya YAH, weka aya moja inayosema kazi. Nitakuandikia mfano: "Ningependa kushiriki katika tathmini ya ubwiriunga kwenye mikorosho kipindi cha Julai hadi Septemba. Nimesoma takwimu na fiziolojia ya mimea, naweza kutumia Excel, na niko tayari kukaa kijijini." Sentensi mbili tu. Mkuu wa idara akizisoma anaona mtu, na anaona amuweke wapi Jumatatu ya kwanza.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu mimi nilipokuwa mwaka wa pili niliandika barua ya "popote". Nikapokelewa na ofisi moja yenye jina kubwa. Nilikaa wiki nane kwenye chumba cha mafaili. Hakuna aliyenitesa, hakuna tu aliyejua nimefuata nini, na mimi sikuwaambia. Logibuku yangu, lile daftari la kuandika kazi za kila siku, ilijaa "kupanga majalada" kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na siku ya kuwasilisha chuoni nilisimama mbele ya wenzangu waliotoka maabara na mashambani, sina cha kueleza. Nilichelewa mwaka mzima kuijua fani yangu.

Kuhusu pesa. Wenye mkopo wa Bodi ya Mikopo wanajua kwamba mafunzo kwa vitendo ni moja ya vipengele vinavyogharimiwa. Hata hivyo njoo na akiba ya wiki mbili za mwanzo, chumba na nauli, maana bodaboda na daladala hazikopeshi. Ofisi nyingi hazikulipi mwanafunzi wa fildi. Lakini nawe hupaswi kumlipa mtu yeyote ili upokelewe. Ukiombwa pesa ya "kusukuma barua", hiyo ni rushwa. Na mabinti zangu, akitokea mtu kukuomba mwili wako ili akupe nafasi au akusainie logibuku, hilo ni kosa la jinai, limetajwa katika kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Piga 113 TAKUKURU, ni bure. Mwambie pia msimamizi wako wa chuo siku hiyohiyo, kwa maandishi.

Wengine huniuliza nafasi za nje. Zile programu za kiangazi za utafiti za Marekani zinazoitwa REU ni kwa raia na wakazi wa kudumu wa nchi hiyo, kwa hiyo usipoteze usiku wako kuzijazia fomu. Na hizi nafasi za uzoefu wa kazi zinazoratibiwa na TaESA, huduma ya ajira ya serikali, ni za wahitimu. Utazifikia ukimaliza shahada.

Kama mwaka huu umekosa kabisa, usikae nyumbani ukisubiri mwaka ujao. Simu yenye kamera inatosha. Jisajili iNaturalist, mtandao wa kurekodi viumbe kwa picha, chagua ufuko au msitu mdogo ulio karibu nawe, nenda kila bamvua au kila Jumamosi, piga picha kila mmea na kila kaa, uandike mahali na tarehe. Wapo wataalamu wa nchi mbalimbali watakaokusaidia majina. Mwakani barua yako itasema, "Nimerekodi viumbe wa ufuko wa Shangani kwa miezi sita," na kiungo cha rekodi zako kitakuwa chini yake.

Na yule binti wa Mikindani, alipomaliza, alichapa nakala tatu za ripoti: moja ya chuo, moja ya ofisi, moja ya BMU, ile ya BMU ikiwa na ramani ya mikoko yenye majina ya Kiswahili aliyofundishwa na bibi. Mwenyekiti aliibandika ukutani. Kila mwaka nikipeleka mwanafunzi mpya pale, mwenyekiti humpeleka kwanza mbele ya ile ramani na kumuuliza mstari wa mlilana sasa hivi umefika wapi.