Kaseti ya Famicom haiponi kwa kupulizwa

Kila anayeniletea Famicom yake, ile mashine ya michezo ya video ya Nintendo, niitengeneze huniapia kwamba kaseti zilikuwa zikicheza vizuri "ukizipuliza kidogo". Dhana hiyo ndiyo inayonichosha kuliko zote, kwa sababu mwenye kuileta ameiona ikifaulu kwa macho yake. Kilichoifufua kaseti hakikuwa pumzi, bali ni kule kuichomoa na kuichomeka upya: pini 60 zinaposuguana na meno ya tundu, utando wa uchafu hukwaruzika na umeme ukapita. Pumzi hubeba unyevu wa mate, na unyevu ukikaa kwenye pini huleta kutu. Hivi karibuni niliinamisha kaseti moja chini ya taa, nikakuta madoa ya kijani yamejipanga upande mmoja tu, ule uliokuwa ukielekezwa mdomoni kwa miaka. Chovya kijiti cha pamba katika alkoholi ya isopropili, sugua kwa kufuata urefu wa pini, badilisha pamba hadi itoke nyeupe, kisha acha pini zikauke. Usiipasue kaseti, kwani pini zake zinafikika kwa nje.

Wapo pia wanaoniuliza mbona taa nyekundu haipepesi. Hayo ni mambo ya NES, toleo la Famicom la nje ya Japani, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1985 ikiwa na chipu ya ulinzi, ambayo huizima na kuiwasha mashine mfululizo isipoitambua kaseti. Famicom, iliyotoka Japani tarehe 15 Julai 1983, haina chipu hiyo wala taa yoyote. Mguso ukiwa mbovu utaona skrini ya rangi moja au picha zilizovurugika.

Adapta nayo si "yoyote inayoingia". Ya Famicom hutumia umeme wa volti 100 wa Japani na kutoa DC (umeme wa mkondo mnyoofu) ya volti 10, hasi ikiwa katikati ya plagi, ilhali ile ya NES ya Marekani hutoa AC (umeme wa mkondo geu). Ukiichomeka hiyo utaniletea mashine iliyoungua, na nitakutoza bila huruma.

Televisheni isiponasa picha, usikimbilie kusema mashine imekufa: Famicom hurusha picha kwa RF, yaani masafa ya redio, kwenye chaneli ya 1 au ya 2 ya Japani, masafa ambayo televisheni za nchi nyingine huenda zisiyatafute. Na pedi ya pili ya kuchezea kukosa vitufe vya Start na Select si dalili ya bandia. Mahali pake pana maikrofoni.