Maslahi bora ya mtoto: maana yake na Tanzania ilipofikia

Binti wa kidato cha pili amebakwa na jirani. Wazee wanakaa kikao, jirani anatoa ng'ombe wawili, baba anapokea, na shauri linatangazwa kuwa limemalizwa kifamilia. Baba kapata ng'ombe, jirani kakwepa jela, wazee wamelinda ujirani. Binti je, kapata nini?

Swali hilo ndilo kiini cha maslahi bora ya mtoto. Maana yake ni kwamba uamuzi wowote unaomgusa mtoto, uwe wa hakimu, mwalimu mkuu au afisa wa serikali, upimwe kwa faida yake yeye mwenyewe, na asikilizwe kadiri ya umri na uelewa wake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 3, unataka maslahi hayo yawe miongoni mwa mambo ya msingi ya kuzingatiwa. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990 unakaza zaidi: hayo ndiyo jambo la msingi. Tanzania imeridhia yote miwili, na ikatunga Sheria ya Mtoto mwaka 2009. Zanzibar ikatunga yake 2011.

Wengi hukutana na dhana hii mara ya kwanza wazazi wanapoachana na kugombania watoto. Sheria ya Ndoa ya 1971 huchukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 anafaa kukaa na mama, ila ushahidi unaweza kulipindua hilo. Hapo ndipo huulizwa mambo madogo yenye uzito mkubwa: mtoto analala wapi, nani anampeleka shule, akiugua usiku anamwita nani. Mzazi mwenye kipato kikubwa hapewi mtoto kwa sababu ya kipato tu.

Sheria hiyohiyo ya 1971, lakini, ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, huku mvulana akisubiri 18. Mwanaharakati Rebeca Gyumi akaipeleka mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikasema vifungu hivyo, cha 13 na cha 17, vinakiuka Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja wa kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa. Kwangu mimi, hukumu hiyo ni hatua kubwa kuliko kuridhia mikataba, kwa sababu mikataba haikumzuia mzazi yeyote kutia saini ndoa ya bintiye.

Hatua nyingine ilikuja Novemba 2021, serikali iliporuhusu wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito kurudi shule za kawaida. Kwa miaka mingi walikuwa wakifukuzwa, hata aliyepata mimba kwa kubakwa.

Mwaka 2016 pia Sheria ya Elimu ilirekebishwa: anayemwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Ni ulinzi mzito, na naushangilia. Lakini umefungwa kwenye neno mwanafunzi. Chukua mabinti wawili wa miaka 15, mmoja amevaa sare, mwenzake aliacha shule ili alee wadogo zake. Kifungu hicho kinamlinda yule wa kwanza peke yake.